Mkopo wa asilimia 10: hesabu kuanzia msimu wako, urudi nyuma

Juni 2022 kikundi chetu cha ushonaji hapa Mbagala kilikopa shilingi 300,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili kulipa rejesho la mkopo wa serikali usio na riba, huu wa asilimia 10 unaotolewa na halmashauri. Soma tena polepole. Hata mimi mweka hazina nikiikuta hiyo mistari kwenye daftari naona aibu. Rejesho lilikuwa 500,000, kwenye akaunti tulikuwa na 210,000, na kesho yake ndiyo ilikuwa tarehe. Yule bwana wa kausha damu akawa anapita kila jioni na kijidaftari chake, 13,000 kwa siku, siku 30. Piga hesabu mwenyewe: 390,000. Pesa ya bure tukaifanya iwe na riba kubwa kuliko ya benki.

Hatukuiba wala kugawana. Vitambaa vilikuwepo stoo, mashine zilikuwepo. Kosa letu lilikuwa mwezi. Tunashona sare za shule, na mkopo tuliupokea katikati ya Machi. Masharti yetu yalitupa miezi 3 ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza, kwa hiyo rejesho likaangukia katikati ya Juni, wakati shule zinaelekea likizo na hakuna mzazi anayewaza sketi. Sare zina pesa Desemba na Januari, halafu kidogo Julai. Miezi mingine unashona viraka na kubana suruali za watu.

Nimeombwa na akina mama watatu wa mtaani niwaeleze jinsi ya kuupata mkopo huu. Naandika mara moja hapa ili nisirudie. Ila nitaanza na kitu ambacho semina nilizokaa hazikunifundisha: kabla hujaenda ofisi ya kata, chukua kalenda, weka alama kwenye mwezi ambao biashara yako inaingiza pesa nyingi kuliko yote, kisha rudi nyuma miezi 3. Huo ndio mwezi unaotaka pesa iingie. Rudi tena nyuma miezi 4 au 5 kwa ajili ya vikao, ukaguzi na makaratasi. Huo ndio mwezi wa kupeleka maombi. Sisi Desemba ndiyo msimu, tunataka pesa Septemba, maombi tunapeleka Aprili au Mei. Mwaka 2025 tulifanya hivyo, na nitakueleza ilivyokuwa.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi. Si zawadi ya diwani wala ya mtu yeyote anayeigawa akiwa amevaa fulana ya chama. Ni sheria: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, kilichoingizwa 2018. Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma na kadhalika. Asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bila riba. Halmashauri ikiwa na bilioni 1 ya kuhesabiwa hapo, milioni 100 ndiyo ya mikopo, na wanawake wa halmashauri nzima wanagombania milioni 40. Ukilijua hilo huendi kuomba milioni 50 peke yenu.

Jambo la pili la kujua: mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa akitangaza bungeni, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na fedha nyingi zisizorejeshwa. Ikarudi kuanzia mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024 na kanuni mpya. Ndiyo maana siku hizi maombi yanaingia kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa Wezesha Portal, na ukaguzi umekuwa wa kweli. Wanaolalamika kwamba zamani ilikuwa rahisi, hiyo zamani ndiyo iliyotufungia dirisha la mikopo. Halmashauri 10 ziliwekwa kwenye majaribio ya kutoa mikopo kwa kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Ukiwa kwenye mojawapo, uliza utaratibu wa hapo kwako kabla hujafuata wangu. Sisi Mbagala tuko Manispaa ya Temeke, ambayo haimo kwenye hizo 10.

Sasa kikundi. Wanawake au vijana, muwe watu wasiopungua 5. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake. Sisi tuko 8. Msikusanyane kwa ajili ya mkopo. Kikundi kilichozaliwa wiki moja kabla ya dirisha kufunguliwa kinajulikana hata kwa jinsi kinavyokaa kwenye benchi: kila mtu anamwangalia mwenyekiti kabla ya kujibu. Sisi tulianza kama mchezo wa kupeana 5,000 kila Jumapili, ndipo tukanunua cherehani ya kwanza ya kukanyaga. Mnaocheza mchezo pamoja mwaka mzima bila kukimbiana, nyie mna kikundi. Kilichobaki ni karatasi.

Karatasi zenyewe siyo nyingi. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Katiba. Muhtasari wa kikao mliokubaliana kukopa, wenye sahihi za wote. Cheti cha usajili wa kikundi kutoka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Akaunti ya benki kwa jina la kikundi, siyo la mwenyekiti. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya kila mmoja. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo mamlaka ya mapato, TRA, wanaitoa bure, kwa hiyo anayekuomba elfu ishirini ya TIN anauza usingizi wako. Na andiko la mradi.

Katiba msiinakili tu. Ya kwetu ya mwanzo ilikuwa na ukurasa mzima kuhusu beji na rangi ya sare ya kikundi, na haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mwanachama anayehama. Mwenzetu akamfuata mume wake Kahama, tukabaki tukibishana wiki tatu kuhusu fungu lake. Ya sasa inasema mambo matatu kwa maneno ya kawaida: mkopo haugawanywi taslimu kwa mwanachama yeyote kwa sababu yoyote; anayehama au kupoteza uwezo wa kufanya kazi anapata akiba yake baada ya deni kuisha; na hundi haitoki bila sahihi mbili kati ya tatu, wenye sahihi wasiwe ndugu. Hilo la ndugu tuliongeza kwa kumwangalia jirani. Sitaeleza zaidi.

Andiko ndipo watu wengi wanapoanguka. Mwaka ule wa kwanza tulimlipa kijana mmoja mwenye kompyuta 60,000 atuandikie. Likaja zuri, lina rangi, lina chati. Tumekaa mbele ya kamati ya kata, mama mmoja wa kamati akafungua ukurasa wa tatu, akavua miwani, akauliza: "Na hivi vifaranga 500 mtaviweka wapi, chumba kile kile cha cherehani?" Kijana alikuwa amebadilisha jina la kikundi tu, mradi ulikuwa wa kuku wa nyama. Mwenyekiti wetu, Mungu amlinde, akajibu kwamba vifaranga ni mpango wa baadaye. Kamati nzima ikacheka. Tukaambiwa turudi.

Andikeni wenyewe, kwa mkono, kisha mtu achape. Chanzo cha andiko ni kitu kimoja tu, gharama ya bidhaa moja. Hii ni ya sketi yetu, kama nilivyoiandika 2025:

Kitambaa mita moja na robo, kila mita kwa 5,200: 6,500
Zipu: 300
Uzi, kifungo na gundi ya kiunoni: 500
Fundi: 2,000
Umeme na pango: 400
Jumla: 9,700
Tunauza kwa duka kwa jumla: 12,500
Inabaki: 2,800

Ukishaipata hiyo 2,800, kila swali la kamati lina jibu. Tuliomba milioni 15 za kurejesha kwa miezi 24, maana yake 625,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 2,800: sketi 224. Siku 25 za kazi, sketi 9 kwa siku. Watu wanane na mashine nne, sketi 9 tunazimudu hata umeme ukikatika asubuhi. Kulikuwa na wenzetu wawili waliotaka tuombe milioni 25, wanasema serikali hutoa nusu ya unachoomba. Nikawapigia hesabu pale pale: rejesho lingefika kama 1,042,000, karibu sketi 372 kila mwezi, pamoja na Aprili, pamoja na Oktoba, pamoja na miezi ya misiba. Wakanyamaza. Usiongeze kiasi kwa kutegemea kukatwa, unaweza ukapewa chote.

Mgawanyo wa matumizi uwe wa kuhesabika vile vile. Wetu: mashine tatu za mota za 720,000 kila moja, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) 980,000, mashine ya matundu ya vifungo 2,400,000, majora ya kitambaa 7,500,000, na 1,960,000 ya kulipa mafundi na kukaa kama akiba. Watu hupenda kununua mashine nyingi kwa sababu zinaonekana kwenye picha. Mashine haishoni hewa. Nusu ya mkopo wetu ni kitambaa, na kamati haikulalamika, kwa sababu tulikuja na bei tatu za maduka matatu ya Kariakoo zilizopigwa mihuri.

Na kabla hujalipia mashine yoyote, uliza: inatumia umeme wa njia moja au njia tatu (fezi moja au fezi tatu)? Mwaka 2022 tulinunua ovaloki iliyotumika, 1,100,000, muuzaji akatuwashia dukani kwake ikanguruma kama simba. Tumefika nyumbani, nyumba ya kupanga ina njia moja. Miezi mitano ile ovaloki ilikuwa meza ya chupa ya chai. Baadaye fundi akaibadilisha mota kwa 180,000.

Maombi yakiingia kwenye mfumo, yanapita kamati ya kata kwanza, kisha yanakwenda ngazi ya halmashauri. Hapo katikati watakuja kuwaona. Msifagie sana. Nasema kweli: wakikuta chumba kimepangwa kama sebule ya harusi wanajua leo hakuna kazi. Walipokuja kwetu mezani palikuwa na mabaki ya kitambaa, mtoto wa mtu amelala juu ya rundo la kaptula, na mteja anabishana kuhusu pindo. Yule afisa aliomba daftari la mauzo, siyo andiko. Akasoma kurasa za miezi minne nyuma, akaangalia kama wino ni mmoja. Daftari lililoandikwa usiku mmoja lina wino mmoja na mwandiko usiochoka. Langu lina kalamu ya bluu, nyeusi, penseli, na doa la mchuzi wa Machi.

Wote mjibu. Atamwuliza aliye kimya kuliko wote: rejesho ni shilingi ngapi, litaanza lini? Kila Jumapili wiki nne mfululizo tulikuwa tunaulizana hivyo, mpaka bibi yetu mwenye miaka 61, asiyejua kusoma, akawa anataja 625,000 kama anavyotaja jina la mjukuu.

Fomu haiuzwi. Hakuna "ya maji" wala "ya mafuta ya gari". Akija mtu na simu ya kwamba faili lenu limekwama na linahitaji kusukumwa, nenda ofisini na wenzako wawili, uulize kwa sauti ya kawaida faili limefika wapi. Aliyekupigia hatakuwepo.

Pesa yetu iliingia Septemba. Kwanza tukaenda Kariakoo wanne, na risiti za EFD, zile za mashine ya TRA, kila duka, hata la vifungo. Septemba, Oktoba na Novemba tukawa tunakata na kushona tu bila haraka ya kuuza, maana rejesho la kwanza lilikuwa Desemba. Ile ndiyo raha ya miezi mitatu ikitumika vizuri: unajaza stoo kwa pesa isiyokudai. Desemba ilipofika maduka yakaanza kupiga simu yenyewe. Mpaka shule zinafunguliwa Januari tulikuwa tumeuza kiasi cha kulipa marejesho manne kwa mkupuo, 2,500,000, kwa ile kontrol namba ya halmashauri. Machi hii, mwezi uleule uliotuingiza shimoni 2022, hatudaiwi mpaka Aprili. Risiti ya kila malipo natoa nakala, naifunga kwenye faili la kijani. Deni likiandikwa mara mbili kwenye mfumo, faili la kijani ndilo litakalosema.

Ajira, kwa kuwa wanauliza kwenye fomu mtaajiri wangapi. Msiseme 30. Tuliandika watatu wa msimu, na ndio tuliowachukua Novemba, vijana waliotoka kumaliza ufundi, tukiwalipa kwa kipande. Wawili wamebaki. Ukimwajiri mtu wa kudumu jua kuna mfuko wa pensheni, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo fundi mwenyewe hachangii zaidi ya nusu. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5. Ile tozo ya ufundi stadi, SDL, inaanza mkifika wafanyakazi 10. Kabla ya 2021 ilikuwa inaanza kwa wanne. Kwa kikundi kidogo huo ni unafuu wa kweli, ingawa hausherehekewi na mtu.

Kuna mlango mwingine ambao akina mama wengi hawaujui, nao naupenda kuliko mkopo. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Mnasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali ulioanza 2023, na Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye wa kumwanzia. Sisi tulipata kushona mashuka 120 ya kituo kimoja cha afya. Faida ilikuwa nzuri. Malipo yalichukua siku 74, na sijui kama ningekuwa na subira hiyo bila stoo ya sare. Kwa hiyo zabuni yoyote ya serikali ichukue ukiwa na pesa ya kuishi miezi mitatu bila hiyo zabuni, na usiiweke kwenye hesabu ya rejesho.

Zile habari za misamaha ya kodi na cheti cha uwekezaji mnazosikia redioni ni ngazi nyingine. Kwa sheria ya uwekezaji ya 2022, iliyofutwa 2025, Mtanzania alikuwa anaanzia mtaji wa dola 50,000. Tukifika nitaandika.

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja, yuko kwenye kikundi cha vijana wanaofyatua matofali ya saruji huko Chamazi. Wameambiwa dirisha liko wazi, wana kila karatasi, anataka nimsaidie andiko. Nikamwuliza pesa wanaitaka lini, akasema hata kesho. Kesho ni masika, Aprili na Mei mvua inanyesha, tofali halikauki, na nani anajenga. Rejesho litaanza kabla hata mchanga haujakauka. Nikamwambia arudi na kalenda. Akacheka: "Mama mdogo, kwako kila kitu ni Desemba." Jioni akanitumia picha ya kalenda ya ukutani kwao. Amezungushia Agosti kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika bei ya mfuko wa saruji.